Somo: Vikumbusho vya Mikutano Vinavyojituma Vyenyewe

Kila mwaka makadirio ya bajeti hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia Aprili 30. Kabla ya hapo wananchi huitwa kutoa maoni. Mkazi wa Magwagwa anayepata habari ya mkutano siku moja baadaye amekwisha kupoteza nafasi ya kutetea barabara, zahanati au maji ya kijiji chake. Kifungu cha 196 cha Katiba ya 2010 kinalitaka bunge la kaunti kuwezesha ushirikishwaji wa umma, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka wananchi wapate habari kwa wakati.

Somo hili linaeleza jinsi katibu wa kikundi au chama cha ushirika anavyoweza kuiachia programu kazi ya kukumbusha wanachama.

Sehemu tatu za mpangilio

Kila kazi inayojiendesha ina kichocheo, sharti na kitendo. Kichocheo ni jambo linaloanzisha kazi, kwa mfano mtu kujaza fomu. Sharti huchuja: je, ametoa nambari ya simu? Kitendo ndicho kinachofanywa: anatumiwa ujumbe kwamba amesajiliwa.

Hatua za kufuata

1. Kutengeneza fomu fupi: jina, kijiji, nambari ya simu, na msaada anaohitaji mtu mwenye ulemavu. Google Forms hutumika bila malipo, na majibu huingia katika jedwali la Google Sheets. Ujumbe mfupi wa simu hutumwa kupitia kampuni ya kutuma jumbe kwa wingi, na huo hulipiwa.

2. Kuifanya safu ya nambari za simu kuwa ya maandishi. Bila hivyo, jedwali huondoa sifuri ya mwanzo, 07 ikabaki 7, na ujumbe haufiki.

3. Kuandika tarehe ya mkutano mahali pamoja tu, kisha kuagiza kikumbusho kiende “siku 3 kabla ya tarehe ya mkutano”. Katibu akifunga kikumbusho kwenye tarehe maalumu, mkutano ukisogezwa programu itaendelea kutuma tarehe ya zamani, na watu watafika kwenye uwanja mtupu.

4. Kuweka kichocheo cha pili: tarehe, saa au mahali vikibadilishwa, wote waliosajiliwa wajulishwe mara moja.

5. Kuandika ujumbe usiozidi herufi 160, nafasi zikihesabiwa. Ukizidi hapo, huhesabiwa na kulipiwa kama jumbe mbili. Mfano: “Mkutano wa bajeti, wadi ya Magwagwa. Alhamisi saa nne asubuhi, ukumbi wa chifu. Njoo na maoni yako. Kujiondoa jibu ACHA.”

6. Kujaribu kwanza kwa simu tatu, moja ikiwa kabambe, kabla ya kutuma kwa watu wote.

Wasio na simu

Katika boma moja, mama, baba na nyanya wanaweza kutumia nambari moja. Programu ikiagizwa kufuta nambari zinazojirudia, wawili kati yao watatoweka katika orodha. Wenye nambari moja waachwe wote. Wasio na nambari kabisa nao wawekewe sharti lao: majina yapangwe kwa vijiji, orodha ichapishwe, na apewe mzee wa kijiji siku 3 kabla ya mkutano, awapelekee habari kwa Ekegusii.

Ulinzi wa habari za watu

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka habari za mtu zitumike kwa lengo lililotajwa wakati wa kuzikusanya. Nambari iliyotolewa kwa ajili ya mkutano haipaswi kupewa mfanyabiashara wala mgombea wa kisiasa. Fomu ieleze lengo hilo waziwazi, na anayejibu ACHA aondolewe katika orodha ya ujumbe.

Zoezi kwa vikundi

Mkutano umesogezwa kutoka Jumanne hadi Alhamisi, na watu 12 kati ya 60 waliosajiliwa hawana simu. Ni kichocheo kipi kitaanza kazi? Ujumbe utaandikwaje usizidi herufi 160? Nani atabeba orodha ya wale 12, na katibu atajuaje kwamba imewafikia?