Madrasa, Nyumba na Msikiti: Uhakiki wa Hotuba ya Rais Uhuru Kenyatta ya Aprili 4, 2015

Utangulizi

Alfajiri ya Alhamisi, Aprili 2, 2015, watu wenye silaha walivamia Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa. Kufikia jioni watu 148 walikuwa wameuawa, wengi wao wanafunzi. Wavamizi waliwatenga Waislamu na Wakristo kabla ya kuwaua waliowakusudia. Siku mbili baadaye, Jumamosi iliyotangulia Pasaka, Rais Uhuru Kenyatta alilihutubia taifa, akatangaza siku tatu za maombolezo, akaahidi kwamba serikali yake ingejibu kwa ukali usio kifani. Makala haya yanahakiki hotuba hiyo, hasa sehemu iliyogusa Uislamu na Waislamu wa Kenya.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini mwanafunzi wa fasihi ashughulike na hotuba ya kisiasa. Jibu langu ni kwamba hotuba ni utanzu. Ina nafsineni, ina hadhira, ina wahusika, ina ploti ya aina yake, na kwa kawaida ina jitu la kuogopwa. Kuna sababu ya pili, nayo si ya kitaaluma. Barabara ya kutoka Garissa kwenda Nairobi hupita Mwingi, katika Kaunti ya Kitui, na walionusurika walirejeshwa makwao kwa barabara hiyo. Vijana wa Kitui na Makueni walisoma Garissa, na walimu wa kwetu walifundisha Garissa, Wajir na Mandera kwa miaka mingi. Katika miji hiyo hiyo ya kwetu, Kitui, Mwingi, Kibwezi na Makindu, wapo Waislamu ambao hawajui kwao pengine ila hapo. Hotuba iliwafikia wote hao kwa saa moja, lakini haikuwafikia kwa maana moja.

Mimi nilikuwa mwanafunzi wa sekondari, likizoni Kibwezi. Hotuba ilisomwa kwa Kiingereza. Sisi tuliisikia ikielezwa kwa Kikamba redioni, na baadaye kwa Kiswahili cha sokoni, jambo ambalo nitalirudia. Tafsiri zilizomo humu ni zangu na zinafuata maana ya hotuba.

Kuhusu nadharia

Nadharia sitaikalia sana. Nimeongozwa na Uchanganuzi Hakiki wa Usemi, hususan wazo la Teun van Dijk kwamba usemi wa kiitikadi hujengwa kama mraba: mema ya “sisi” hukuzwa, mabaya ya “wao” hukuzwa, mabaya ya “sisi” hufifishwa, na mema ya “wao” hufifishwa vilevile. Wanachama wenzangu wengi wamewahi kuutumia mraba huu kuhakiki magazeti. Aghalabu tunaishia kwenye pembe mbili za kwanza, kwa kuwa ndizo zinazoonekana. Katika hotuba hii nadhani pembe mbili za mwisho ndizo zenye mambo.

Sentensi moja

Sentensi iliyokumbukwa zaidi ilisema kwamba mafunzo ya itikadi kali inayozaa ugaidi hayaendeshwi vichakani usiku. Hutolewa mchana kweupe, katika madrasa, majumbani, na katika misikiti yenye maimamu waliopotoka. Kabla ya hapo, Rais alikuwa amesema kwamba wapangaji na wafadhili wa unyama huo wamejikita ndani kabisa ya jamii zetu.

Kwa upande wa balagha, sentensi hii imeundwa kwa ustadi. Inaanza kwa kukanusha picha tuliyoizoea, ya gaidi wa porini na gizani, kisha inaleta picha ya pili iliyo kinyume: mchana, karibu, miongoni mwetu. Msikilizaji hujikuta akitazama huku na huku. Mahali patatu panapotajwa panafuatana kwa mdundo unaokaa akilini.

Sasa tuitazame sarufi. Madrasa imetajwa bila sifa yoyote. Nyumba zimetajwa bila sifa yoyote. Misikiti peke yake ndiyo iliyopewa kishazi cha kuibainisha, “yenye maimamu waliopotoka”. Kwa hivyo msikilizaji makini anajua kwamba si misikiti yote inayolengwa. Je, madrasa zote zinalengwa? Nyumba zote? Za nani? Sentensi haisemi, na pale isiposema, hofu ya msikilizaji hujaza pengo. Inawezekana mwandishi wa hotuba hakukusudia hivyo, na nia yake hatuwezi kuithibitisha. Matini, hata hivyo, ndivyo yalivyo, na sisi tunahakiki matini.

Hapa Kiswahili chenyewe kina la kusema. Mahali ambapo Kiingereza cha hotuba kilisema madrasa, mzee wa pwani angesema “chuo” au “chuoni”, yaani mahali mtoto anapokwenda kusoma Kurani. Neno hilo hilo ndilo tulilolichukua kuunda “chuo kikuu”. Waliouawa Garissa waliuawa chuoni. Hotuba ilipotafsiriwa sokoni Kibwezi, niliwasikia watu wawili wakibishana ni chuo gani Rais alisema kinafunza ugaidi, mmoja akidhani ni Garissa penyewe. Wakati ule nilicheka. Leo naona walikuwa wamegusa jambo zito bila kujua.

Jambo hilo ni hili: siku iliyofuata hotuba, Wizara ya Usalama wa Ndani ilimtambua mmoja wa wavamizi waliouawa. Alikuwa mhitimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Nairobi, mwana wa chifu wa serikali huko Mandera. Baba yake alikuwa ameziarifu mamlaka kwamba mwanawe ametoweka. Mhusika huyu haingii katika ploti ya hotuba. Amepitia mihadhara ya sheria, na nyumba aliyotoka, badala ya kumficha, ilikuwa imetoa habari zake.

Haki itendeke kwa pande zote. Mtu ambaye serikali ilimtaja kuwa ndiye aliyepanga shambulio, na kumwekea zawadi ya shilingi milioni 20, aliwahi kufundisha madrasa mjini Garissa. Vilevile, mwaka 2014 Mombasa ilishuhudia vijana wakiwafukuza maimamu na kuiteka misikiti. Kwa hivyo anayesema kwamba Rais alizua jambo ambalo halikuwapo hasemi kweli, nami sitaki kuhesabiwa pamoja naye. Tatizo liko katika pembe ya nne ya mraba. Juni 10, 2014, Sheikh Mohammed Idris, mwenyekiti wa Baraza la Maimamu na Wahubiri wa Kenya, alipigwa risasi na kuuawa Likoni. Alikuwa amesimama hadharani kuwapinga vijana hao hao. Alikufa akiwa imamu, akiutetea msikiti. Hotuba ilipotoa orodha ya mahali patatu na aina moja ya imamu, kaburi la Sheikh Idris lilikuwa halijatimiza mwaka. Sentensi moja juu yake ingetosha kumwonyesha msikilizaji wa Kitui kwamba maimamu ni wa aina zaidi ya moja, na kwamba vita hivi viliwaua wao mapema.

Kanisa na msikiti

Kuna sehemu nyingine ambayo huwa haitajwi, na ni sehemu njema. Rais alimhimiza kila Mkenya, kila kanisa na kila kiongozi wa mashinani kuzungumza kwa ajili ya umoja, ili hasira yetu ya haki isimfanye yeyote kumdhulumu mwingine. Huu ni wito wa amani na nauheshimu. Nina hakika uliokoa baadhi ya watu.

Lakini tazama nani ameitwa. Katika sentensi hiyo kanisa linatajwa kwa jina kama mtenda: linapewa kazi ya kunena. Msikiti hautajwi hapo. Msikiti tumeshauona katika sentensi ya mafunzo, ukiwa mahali ambapo jambo baya hutendeka. Hivyo basi katika sarufi ya hotuba kanisa ni kiima na msikiti ni kielezi cha mahali. Mwislamu anayetaka kuitika wito wa umoja inambidi aingie kwa mlango wa “kila Mkenya”. Mlango huo uko wazi, sikatai, ila jirani yake ameitwa kwa jina.

Upande wa “sisi”

Pembe ya tatu nitaipitia kwa haraka. Kikosi maalumu cha Recce kilichukua saa nyingi kufika Garissa kutoka Nairobi, na ujumbe wa tahadhari kuhusu vyuo vikuu ulikuwa umeenea siku chache kabla. Siku yenyewe ya shambulio Rais aliagiza makurutu 10,000 wa polisi, ambao uajiri wao ulikuwa umezuiwa mahakamani, waripoti mafunzoni. Agizo hilo lilikiri kwamba askari ni wachache. Katika hotuba ya Jumamosi, uzito wa lawama uliegemea jamii. Kisha vikafuata vitendo: mashirika ya kutetea haki za binadamu ya MUHURI na Haki Africa, yote ya Mombasa, yalifungiwa akaunti za benki kwa tuhuma za kuhusishwa na ugaidi, hadi Mahakama Kuu ilipoyaondolea tuhuma hizo mwaka huo huo. Naye Naibu wa Rais, William Ruto, alitangaza kwamba kambi ya Dadaab lazima ifungwe ndani ya miezi mitatu. Usemi uliotaja mahali ulizaa sera iliyopiga mahali.

Ilivyosikika Ukambani

Ni muhimu kukumbuka kwamba Uislamu si mgeni wa jana Ukambani. Misafara ya Wakamba ilikuwa ikishuka Mombasa na pembe za ndovu katika nusu ya kwanza ya karne ya 19. Krapf alipoingia Kitui mwaka 1849 alikuwa mgeni wa Kivoi, mfanyabiashara mkubwa aliyeijua pwani na watu wake. Baadaye wafanyabiashara wa pwani nao wakapanda, wengine wakaoa na kukaa. Reli iliwaleta Makindu na Kibwezi Waislamu wa Punjab pamoja na Masingasinga. Hata Mkamba Mkristo anayesema “ndini” anatumia neno lililosafiri kutoka Kiarabu kupitia Kiswahili. Historia hii haimo vichwani mwa watu wengi wa rika langu, nami mwenyewe niliipata nikiwa chuo kikuu.

Nilikuwa na mwanafunzi mwenzangu Mwislamu, jirani yetu. Jumapili ya Pasaka mama alinituma kwao na sahani ya chakula, kama desturi ilivyokuwa. Nao walikuwa wakituletea siku ya Idi. Nilimkuta mama yake ameketi barazani. Nikamwamkia, “Shikamoo mama.” Akaitikia, akapokea sahani, kisha akaniuliza, “Mwanangu, wewe umesoma. Huyo Rais ametaja nyumba. Ni nyumba gani hizo?” Nilimjibu kwamba hakuzisema zao. Akauliza, “Alisema za nani?” Sikuwa na jibu. Sehemu kubwa ya makala haya ni jitihada ya kumjibu.

Mama yangu mdogo naye alikuwa mwalimu kaskazini mashariki. Alikuwa amerudi nyumbani Mwingi baada ya walimu kuuawa katika basi la Mandera Novemba 22, 2014, abiria 28 kwa jumla, na hakutaka kusikia habari za kurejea. Nilipomsomea rasimu ya makala haya alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Unamhukumu Rais kwa neno moja. Mimi siku hizo nilikuwa nahesabu maiti.” Nimeandika kauli yake hapa kwa kuwa sina namna ya kuipinga.

Hotuba ya pili

Desemba 21, 2015, basi jingine lilishambuliwa kaunti ya Mandera. Wavamizi waliwataka abiria Waislamu wajitenge. Abiria wakakataa, wanawake Waislamu waliwapa Wakristo mitandio wajifunike. Salah Farah, naibu wa mwalimu mkuu, alipigwa risasi na akafariki Januari 2016. Machi mwaka huo, katika hotuba yake Bungeni kuhusu hali ya taifa, Rais Kenyatta alimtunukia nishani baada ya kifo chake. Kisa hicho ndicho kiini cha filamu fupi “Watu Wote” ya mwaka 2017, iliyoongozwa na Katja Benrath na kuteuliwa kuwania tuzo ya Oscar.

Ukizisoma hotuba hizi mbili pamoja, ya pili inaonekana kuisahihisha ya kwanza: Mwislamu amekuwa kiima, ametenda, ana jina. Nilipoanza utafiti huu ndivyo nilivyoamini. Sasa nasita. Katika hotuba ya kwanza Mwislamu wa kawaida hana jina, na katika ya pili aliye na jina ni marehemu shujaa. Kati ya imamu aliyepotoka na mwalimu aliyejitoa mhanga wapo maelfu ya watu wanaouza nguo Kitui mjini, wanaoendesha bodaboda Makindu, wanaopeleka watoto chuoni jioni na shuleni asubuhi. Katika hotuba zote mbili sioni wanapokaa.

Mwenzangu yule wa Kibwezi sasa ni mwalimu, naye alipangiwa Garissa. Mama yangu mdogo aliposikia alinyamaza kwa muda, kisha akaniomba nambari ya simu ya mama yake. Walizungumza karibu saa nzima, wakati mwingine kwa Kikamba, na aliyoyasema hakunieleza.