Sala na Dawa Kitandani pa Mgonjwa

Masomo ya kusomwa kwanza: 2 Wafalme 20:1-7, Yakobo 5:13-16, 2 Wakorintho 12:7-10



Kumtazama mgonjwa ni desturi yetu njema. Mtu akilazwa, huyu hubeba uji, yule hutoa nauli, mwingine hupiga magoti na kuomba. Bwana wetu alisema kwamba atendewaye hayo ni yeye mwenyewe (Mathayo 25:36-40). Lakini neno linalosemwa kando ya kitanda laweza kujenga, nalo laweza kubomoa. Wako wagonjwa wa kifua kikuu walioombewa, kisha wakaambiwa kwamba kuendelea kumeza vidonge ni kukosa imani. Wakaacha. Ugonjwa ukarudi, na safari hii ukawa mgumu kutibika. Basi mwezi huu tujifunze neno moja: Je, mtu aombaye huku akinywa dawa, amempunguzia Mungu heshima yake?

1. Maandiko hayatenganishi sala na dawa

Mfalme Hezekia aliugua, akaambiwa na nabii Isaya kwamba atakufa. Akageuza uso ukutani, akaomba kwa machozi. Mungu akamsikia, akamwongezea miaka 15. Angalia sasa lililofuata. Isaya aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu lake, naye akapona. Ahadi ilitangulia, dawa ikafuata. Wala ahadi haikuifanya ile tini kuwa kazi bure.

Yakobo naye anawaagiza wazee wa Kanisa wamwombee mgonjwa na kumpaka mafuta kwa jina la Bwana. Siku zile mafuta yalikuwa dawa pia: Msamaria mwema aliyatia pamoja na divai katika jeraha, kisha akalipia matunzo katika nyumba ya wageni (Luka 10:34-35). Mtume Paulo alimshauri Timotheo atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake (1 Timotheo 5:23), na alisafiri pamoja na Luka, tabibu mpendwa (Wakolosai 4:14), ambaye tunamkumbuka kila tarehe 18 Oktoba. Tena, kitabu cha Yoshua bin Sira, ambacho Kanisa letu hukisoma kwa mafundisho ya mwenendo, chatufundisha katika sura ya 38 kumheshimu tabibu, kwa kuwa Mungu ndiye aliyemweka, na kwamba dawa za ardhini zimetoka kwake.

Kwa sababu hiyo Kanisa Anglikana katika nchi zetu lilijenga makanisa na hospitali pamoja. Daktari Albert Cook alianza hospitali ya Mengo, Kampala, mwaka 1897. Mvumi mkoani Dodoma na Maseno huko Kenya ni matunda ya imani iyo hiyo.

2. Kujisikia nafuu si kupona

Yatupasa kuelewa jinsi dawa zinavyofanya kazi. Matibabu ya kawaida ya kifua kikuu kwa muda mrefu yamekuwa ya miezi 6. Baada ya majuma machache kikohozi hupungua na hamu ya chakula hurudi. Hapo mgonjwa hudhani amepona, kumbe vijidudu vingine vimejificha mwilini. Akiacha dawa, vilivyosalia huweza kuongezeka, tena huweza kuwa sugu, naye akawaambukiza watoto wa nyumbani mwake. Dawa za UKIMWI nazo huzuia virusi visiongezeke. Zikiachwa, virusi huamka. Shinikizo la damu mara nyingi haliumi hata kidogo, lakini laweza kumpooza mtu ghafula.

Je, mtu akiamini kwamba Mungu amemponya kweli? Tusimdhihaki. Ila tukumbuke Bwana Yesu alivyowaagiza wenye ukoma: waende wakajionyeshe kwa makuhani (Luka 17:14). Kwa sheria ya Musa, kuhani ndiye aliyekuwa akimpima mtu na kutamka kwamba yu safi (Walawi 14). Bwana hakuogopa kazi yake ipimwe. Basi anayeamini amepona na aende hospitali, apimwe, na daktari ndiye amwambie aache dawa au aendelee. Uponyaji wa kweli hauogopi kipimo.

3. Basi sala yafanya kazi gani?

Mwaka 2011 maelfu ya watu kutoka Tanzania na nchi jirani walisafiri hadi kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa kwa shilingi 500. Tusiwacheke. Mwenye ugonjwa usiopona hutafuta matumaini, na asipoyapata katika Kanisa lake atayafuata popote. Mtu si mwili tu.

Jambo hili alilifahamu sana Cicely Saunders, Mwanglikana wa Uingereza, aliyekuwa muuguzi kwanza, kisha daktari. Mwaka 1967 alifungua huko London nyumba ya St Christopher's ya kutunza wagonjwa wasiotazamiwa kupona. Alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa yana pande nne: mwili, moyo, jamaa na roho. Aliagiza dawa ya maumivu itolewe kwa saa zake, kabla maumivu hayajarudi. Kisha aliketi akasikiliza. Hakuruhusu sala ichukue nafasi ya dawa, wala dawa ichukue nafasi ya sala. Huduma ya namna hiyo ilianza Nairobi mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993.

Wala si neno geni kwetu. Katika Kitabu cha Sala cha mwaka 1662, utaratibu wa kuwatazama wagonjwa wamwagiza kasisi amwulize mgonjwa kama amewasamehe waliomkosea, amhimize kuwaomba radhi aliowakosea na kurudisha alichodhulumu. Tena amshauri aandike wosia, ataje madeni yake na wanaodaiwa naye, na kama ana uwezo, awakumbuke maskini. Tazameni hekima hiyo! Mwenye ugomvi na nduguye halali usingizi. Baba asiye na wosia ana hofu kwamba mjane wake atafukuzwa shambani. Mizigo hiyo haiondolewi kwa kidonge. Ndiyo kazi ya Kanisa.

4. Na asipopona?

Paulo aliomba mara tatu aondolewe mwiba wake, akajibiwa kwa neema ya kumtosha. Trofimo aliachwa Mileto hali mgonjwa (2 Timotheo 4:20), wala hatusomi kwamba alilaumiwa kuwa na imani haba. Marafiki wa Ayubu walifanya vema siku saba walipoketi naye kimya; walikosea walipofungua vinywa na kumtafutia dhambi. Basi, tusimwongezee mgonjwa mzigo wa pili juu ya ule alio nao.

5. Tufanye nini?

Tuingiapo kwa mgonjwa, tumwulize kwanza kama angependa kuombewa. Tusikae hata tukamchosha. Tuulize kama amekula na kama amekunywa dawa, na kama nauli ya kwenda kliniki ipo. Kama haipo, tuichange. Akitaka Ushirika Mtakatifu au kupakwa mafuta, tumwarifu padre mapema, tusingoje mpaka hawezi tena kusema. Siri atakayotuambia isitoke mlangoni. Na asiwepo mmoja wetu atakayemwambia mgonjwa aache dawa.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi na katika Umoja wa Mama

1. Kwa nini Isaya aliagiza tini, hali Mungu alikwisha kuahidi uponyaji?
2. Ni maneno gani tunayoyasema kwa wagonjwa yanayowaumiza pasipo sisi kujua?
3. Katika mtaa wetu, ni nani anayekosa dawa kwa sababu ya nauli au chakula? Tutamsaidiaje kabla ya mwisho wa mwezi?

Tuombe: Ee Bwana, tabibu wa miili na roho zetu, wabariki waganga na wauguzi katika kazi yao ya usiku na mchana, uwape wagonjwa uvumilivu na amani, nasi utupe ulimi wa kiasi na mikono myepesi kusaidia. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.