Kutengeneza Kadi za Zawadi kwa Karatasi Chakavu

Tangu tarehe 1 Juni 2019, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini Tanzania. Hata hivyo, karatasi zinazoweza kuwa kadi na vifungashio vya zawadi bado huchomwa moto majumbani. Mkazi anaweza kuzirejeleza kwa hatua zifuatazo:

1. Karatasi zichanwe vipande vidogo, pini na selotepu ziondolewe, kisha zilowekwe usiku kucha.

2. Zitwangwe hadi ziwe rojo laini. Kinu hicho kisitumike tena kwa chakula, kwa sababu ya wino.

3. Rojo likorogwe katika beseni la maji pamoja na kijiko cha uji mwepesi wa wanga, ili wino usisambae wakati wa kuandika.

4. Fremu ya mbao iliyowambwa wavu wa dirisha izamishwe, iinuliwe ikiwa imelala sawasawa, na maji yachuruzike.

5. Fremu ipinduliwe juu ya kitambaa cha pamba, maji yafyonzwe kwa sifongo, kisha karatasi ikaushwe kivulini.

Karatasi ikikaribia kukauka, igandamizwe kwa ubao mzito isijikunje. Rojo likiwa jepesi, karatasi hupasuka. Likiwa zito, hufaa kwa kadi.