JE, MWENYE KUJIONA HUFAULU MAISHANI?

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye Kurehemu.

Sifa zote njema ni zake Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Somo letu la Ijumaa hii linatokana na neno ambalo vijana wanalisema wazi, sokoni, bandarini Kalundu, hata barazani pa msikiti. Wanasema mpole hali, dunia ni ya mwenye kujisifu. Wanamwonyesha kwa kidole mtu aliyejipa cheo mwenyewe, mwenye sauti kubwa, na watu wanampisha njia. Wanauliza: ikiwa kiburi ni kibaya, mbona wenye kiburi ndio wanaopanda? Swali hili ni la haki. Tusilizime kwa kukemea, tulijibu.

KUJIONA NI NINI?

Wanachuoni wametenganisha ujub na kibri. Ujub ni mtu kujipendeza nafsi yake, hata akiwa peke yake chumbani. Kibri kinamhitaji mtu wa pili wa kudharauliwa. Waganga wa maradhi ya nafsi nao wanaiita hali hii narsisizimu, kutoka katika hadithi ya kale ya Wayunani juu ya kijana aliyependa sura yake mwenyewe aliyoiona majini. Mtu huyo hujiona mkubwa kuliko alivyo, hutaka kusifiwa kila saa, na maumivu ya mwenzake hayamgusi.

Lakini tusichanganye mambo. Katika hadithi aliyoipokea Imam Muslim kutoka kwa Ibn Mas'ud, Mtume (s.a.w.) aliulizwa juu ya mtu anayependa nguo na viatu vyake viwe vizuri. Akafahamisha kwamba hicho si kiburi, maana Allah anapenda uzuri. Kiburi ni mambo mawili: kuikataa haki na kuwadharau watu. Basi fundi anayesema kazi hii naiweza, na kweli anaiweza, hana kiburi. Nabii Yusuf (a.s.) alimwambia mfalme wa Misri amweke juu ya hazina za nchi kwa kuwa yeye ni mlinzi mjuzi, na ilikuwa kweli. Kuujua uwezo wako ni jambo moja, kuiabudu nafsi yako ni jambo jingine.

MKUTANO WA KWANZA NA MKUTANO WA SABA

Tuseme kweli: mwenye kujiona hupata kitu. Hupata macho ya watu. Mwaka 1998 msomi wa Canada, Delroy Paulhus, alitoa utafiti juu ya wanafunzi waliokutana mara saba katika vikundi vidogo. Mkutano wa kwanza, wale wenye kujikweza walionekana kwa wenzao kuwa watu wazuri na wenye uwezo. Ulipofika mkutano wa saba, wenzao walewale walikuwa wamewachoka. Uchunguzi mwingine wa mwaka 2015, uliokusanya tafiti nyingi pamoja, ulikuta kwamba watu wa namna hii hushika uongozi kwa wepesi, lakini haukukuta kwamba kadiri mtu anavyojiona ndivyo anavyoongoza vizuri.

Ndugu yangu, shika hapo. Kujiona hukufikisha kwenye kiti. Hakukufundishi kukaa.

MFANO KATIKA NCHI YETU

Joseph-Désiré Mobutu alizaliwa Lisala mwaka 1930, mtoto wa mpishi. Alisoma, akawa askari, akawa mwandishi wa gazeti, na mwaka 1960 akawa mmoja wa wakubwa wa jeshi. Kilichompandisha ni akili, ujasiri, na msaada wa mataifa makubwa yaliyomtaka. Alipotwaa nchi tarehe 24 Novemba 1965, wengi walipumua, maana walichoka na fujo.

Kisha nafsi ikaota pembe. Mwaka 1972 alijipa jina refu la Mobutu Sese Seko Kuku Ngbendu wa Za Banga. Katika televisheni ya taifa, habari zikafunguliwa kwa sura yake ikishuka kutoka mawinguni. Huko Gbadolite akajenga majumba ya fahari, na uwanja wa kutosha kutua ndege ya Concorde. Novemba 1973 akatangaza kwamba maduka na mashamba ya wageni yachukuliwe. Yakagawiwa wakubwa, wengi wao hawakujua kuyaendesha, bidhaa zikapotea, na ilipofika 1976 serikali ikawaita wenyewe warudi.

Novemba 1980 wabunge 13 walimwandikia barua ya wazi ya kurasa 52, wakimweleza ubovu wa utawala wake. Ile ilikuwa nasaha. Jibu lake lilikuwa kuwakamata na kuwahamishia mbali. Ndiyo ile kuikataa haki na kuwadharau watu. Tarehe 24 Aprili 1990 alisimama huku machozi yanamtoka, akakubali vyama vingi. Karibu miaka 10 ilikuwa imepita, na jua lilikuwa limekwisha kushuka. Septemba 1991 askari wake mwenyewe walipora Kinshasa. Vita vilipowaka huku kwetu mwaka 1996, Uvira ilianguka mwezi wa Oktoba, na jeshi la Marshali halikusimama. Tarehe 16 Mei 1997 aliikimbia Kinshasa. Tarehe 7 Septemba mwaka huohuo alifia Rabat, Maroko, akazikwa hukohuko. Majumba ya Gbadolite yaliporwa.

Mtu atasema: lakini alitawala zaidi ya miaka 31, huko si kufaulu? Mpime kwa kile alichokitafuta mwenyewe. Alitaka jina lidumu. Jina la Zaire aliloipa nchi mwaka 1971 liliondoka mwezi uleule aliokimbia, na fedha ya zaire ikaondolewa mwaka 1998. Alitaka kupendwa. Waliomwimbia na kumchezea, wengi waliimba kwa woga na kwa njaa.

Wala tusiseme hayo ni ya wengine, sisi Waislamu tumesalimika. Idi Amin wa Uganda alikuwa Mwislamu. Alijiita Mshindi wa Dola ya Uingereza, akavaa medali hata shati likalegea. Maelfu kwa maelfu ya watu waliuawa katika utawala wake. Mwaka 1978 majeshi yake yaliingia Kagera, ardhi ya Tanzania. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikamtoka mkononi, naye akafia ugenini Jeddah mwaka 2003. Shahada ya ulimi haimkingi mtu na maradhi ya moyo.

KWA NINI HUANGUKA?

Mwenye kujiona anaua sikio lake mwenyewe. Tazama ziwani. Nahodha anaambiwa na baharia: mzee, upepo umegeuka, mzigo umezidi. Nahodha mnyenyekevu hutazama mbingu tena. Mwenye kujiona humtukana baharia, na safari inayofuata baharia hunyamaza. Siku ya dhoruba atakuwa na watu 50 chomboni, wala hana hata mmoja wa kumwambia kweli. Na msiba wake hazami peke yake.

Abubakar as-Siddiq (r.a.) aliposhika ukhalifa, katika hotuba yake ya mwanzo aliwataka watu wamsaidie akitenda mema na wamnyoshe akipotoka. Huyo alijua kazi ya sikio.

Na sisi watazamaji tuna sehemu yetu. Katika Suratul-Qasas, Qarun alidai mali yake aliipata kwa elimu yake mwenyewe, akatoka mbele ya watu na mapambo yake. Wapenda dunia wakatamani wangepata mfano wake. Ardhi ilipommeza yeye na nyumba yake, walewale waliotamani jana wakaamka wakishukuru kwamba hawakupata walichokiomba. Kosa lao lilikuwa kumpima mtu siku ya mapambo yake.

TUFANYE NINI?

Kwanza, tunapochagua mtunza mfuko wa jumuiya, nahodha, au mume wa binti yetu, tusichague siku ya mkutano wa kwanza. Tuwaulize waliokaa naye, waliofanya kazi chini yake, na majirani zake.

Pili, tusiwalee watoto kwa sifa tupu. Mtoto akihifadhi sura, tumsifu kwa juhudi yake, kisha tumpe mdogo wake amfundishe.

Tatu, kila mmoja ajiulize usiku kabla ya kulala: Ni nani anayeweza kuniambia nimekosea, nisimkasirikie? Mara ya mwisho nilisikiliza nasaha ya mtu mdogo kwangu lini? Nikiondolewa cheo au mali leo, nani atabaki kunisalimu?

Kijana, usikae kimya ukadhulumiwa ukadhani huo ndio unyenyekevu. Jifunze kazi, iseme kazi yako kwa ukweli, dai haki yako kwa adabu. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Tunamwomba Allah atutakase nyoyo na ujub, atupe masikio ya kusikia nasaha, na viongozi wanaosikia. Amin.

Wabillahi tawfiq.