Wasiwasi, Deni na Maisha ya Jiji



Katika dua alizozikithirisha Mtume (s.a.w.), kama alivyosimulia Anas bin Malik (r.a.) katika Sahihi ya Bukhari, imo ya kujikinga na wasiwasi na huzuni. Dua hiyo hiyo inaishia kwenye uzito wa deni na kuelemewa na watu. Kwa nini deni likawekwa pamoja na huzuni? Mimi jibu naliona hapa Nakivubo.

Kijana ametoka kijijini kuja kuuza nguo Owino. Asubuhi anachukua bidhaa kwa mkopo, jioni anatakiwa alipe. Mvua kubwa ikinyesha, mtaro wa Nakivubo unafurika, nguo zinaloa, deni linabaki. Usiku analala katika chumba kimoja cha kupanga, ambacho Waganda hukiita muzigo (Mswahili hahitaji tafsiri). Kijijini shida yake ingekuwa ya ukoo mzima. Hapa jirani wa ukuta mmoja halijui hata jina lake.

Usingizi ukimpotea na akaacha kuja jamaa, tunasema imani yake dhaifu, au ana jini. Basi tusome Sura Yusuf, aya ya 84: Nabii Yaqub (a.s.) macho yake yalikuwa meupe kwa huzuni. Nani atathubutu kumpima imani?

Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika Masalih al-Abdan wal-Anfus, kitabu cha afya ya mwili na nafsi. Humo aliigawa huzuni mara mbili: yenye sababu inayojulikana, kama kufiwa au kupoteza mali, na isiyojulikana sababu, ambayo aliinasibisha na mwili na kuitakia tiba ya mwili. Hii ya pili ni ya daktari. Hospitali ya Butabika imekuwepo hapa Kampala tangu 1955, lakini jina lake tumeligeuza mzaha, na mgonjwa anaogopa kuonekana langoni.

Ile ya kwanza inataka sababu yake ishughulikiwe, na kwa muuzaji wetu sababu ni deni. Sura at-Tawba, aya ya 60, inawataja wenye madeni, al-gharimin, miongoni mwa wanaostahiki zaka. Aliyekopa kwa jambo la halali akashindwa kulipa anaingia humo, hata kama hajawahi kunyoosha mkono mlangoni mwa msikiti.