MAS'ALA YA RUBA WA TIBA NA KHATARI ILIYOMO TUMBONI MWAKE

 

Huulizwa: je, yafaa Muislamu kuwekewa ruba mwilini amnyonye damu kwa ajili ya kujitibu? Na mwenye kuuliza, akisha kujibiwa kwamba yafaa, huondoka akidhani mas'ala yamekwisha. Walakini aliyojibiwa ni nusu tu. Kitu chaweza kuwa halali na ndani yake mna dhara, na kujikinga na dhara ni katika sharia vilevile.

Nusu ya kwanza si ndefu. Ruba aliye hai ni twahir, kama walivyo wanyama wote walio hai illa mbwa na nguruwe na mzao wao. Damu itokayo ni najisi, bali kutoka kwake hakutangui udhu katika madhehebu ya Imamu Shafi'i, kwa kuwa haikutoka katika njia mbili. Na ruhusa ya kutafuta dawa imethubutu katika hadithi ya Usama bin Sharik, mabedui walipomuuliza Mtume, naye akawaamrisha wajitibu.

Ama nusu ya pili, haifahamiki mpaka ijulikane kwanza ruba hutumiwa kwa nini. Zamani aliwekwa kwa kila ugonjwa, hatta Ufaransa katika mwaka 1833 iliingiza ruba zaidi ya milioni 40 kutoka nchi nyingine, na wagonjwa wengi wakapungukiwa na damu pasi na faida yoyote. Leo kazi yake kubwa hospitalini ni hii. Mtu akikatika kidole au sikio, au akitwaliwa pande la nyama mahali pamoja pa mwili wake likashonwa mahali pengine palipoharibika, twabibu wa kupasua huiunga mishipa yake akiitazama kwa darubini. Mishipa iletayo damu ina kuta nene, huungika. Irudishayo damu ni laini, mara nyingi huziba au haipatikani kabisa. Hapo damu huingia isiweze kutoka. Nyama huvimba, hugeuka rangi ya zambarau, na isipofunguliwa njia hufa. Ruba huwa ndiye njia. Hunywa kiasi cha mililita 5 mpaka 15, kisha huanguka mwenyewe, na mahali alipouma pakaendelea kuchuruzika kwa saa nyingi, kwa kuwa mate yake yana kitu kizuiacho damu isigande. Jambo hilo alilifunua Haycraft mwaka 1884, na kitu chenyewe kikaja kuitwa hirudini. Huendelea kuwekwa hivyo siku kadhaa, mpaka mwili uoteshe mishipa mipya.

Matwabibu wawili wa Ljubljana, Derganc na Zdravic, waliandika khabari ya tiba hii mwaka 1960. Mwaka 1985, huko Boston, twabibu Joseph Upton alimrudishia mtoto wa miaka 5 sikio lililong'olewa na mbwa, na ruba wakalinusuru. Mwaka 2004 idara ya Marekani isimamiayo vyakula na dawa ikatoa idhini ruba wauzwe kwa kazi hii.

Sasa itazamwe khatari. Tumboni mwa ruba wamo vijidudu visivyoonekana kwa macho, viitwavyo Aeromonasi. Kwa ruba si maradhi, bali ni wenzi wake; wataalamu waona kwamba humsaidia kuiyeyusha damu, nayo damu hiyo hukaa tumboni mwake miezi. Kwa hiyo kumwosha ruba hakumwondolei kitu. Hata aoshwe mara saba, maji yameosha ngozi, na khatari i tumboni. Ibn Sina katika Qanun yake alihadharisha juu ya ruba wa aina mbaya, akaagiza wakamatwe siku moja kabla ya kutumiwa na watapishwe yaliyomo tumboni. Hakuvijua vijidudu, wala hapakuwa na chombo cha kumwonyesha, lakini alijua ni wapi pa kuogopwa.

Katika hesabu za mahospitali, wagonjwa wapatwao na maambukizo haya hutajwa kuwa tangu 2 mpaka 20 katika kila 100. Huzuka mara siku ya kwanza, mara baada ya siku kumi au zaidi, mgonjwa akisha kudhani amesalimika. Jeraha huwa jekundu, likatoa usaha na harufu, na homa ikapanda; vijidudu vikiingia katika damu yaweza kuwa mauti. Na pande la nyama lililopatwa, mara nyingi haliponi: kile kilichotakiwa kuokolewa na ruba kimeuawa naye.

Kinga yake yajulikana. Dawa ya kuua vijidudu hutolewa kabla ya ruba wa kwanza kuwekwa, nayo huendelea muda wote wa tiba. Si kila dawa ifaayo, maana Aeromonasi haijali dawa nyingi za jamii ya penisilini. Iliyozoeleka ni siprofloksasini. Na hiyo nayo imekwisha kushindwa kwa baadhi ya ruba, kwa hiyo mahospitali mengine huwapima ruba wao na maji yao. Ruba mmoja ni wa mgonjwa mmoja, na akisha kunywa huuawa katika spiriti. Kumhamisha kwa mtu wa pili ni kumpelekea huyo damu ya mwenziwe na maradhi yake. Wala hawekwi juu ya nyama iliyokwisha kufa, kwa kuwa hapo ndipo vijidudu hustawi.

Liko na jambo ambalo wengi hulikosea kwa mazoea. Ruba akikawia kuachia, watu humwagia chumvi au humvuta kwa nguvu. Akitendewa hivyo hutapika, na atapikacho huingia katika jeraha. Huachwa ashibe aanguke.

Basi mpiga chuku amtoaye ruba bwawani akamweka juu ya jeraha la mtu aliyepasuliwa, hana dawa ya kutanguliza wala hamjui ruba wake alikotoka. Imepokewa katika Abu Dawud hadithi kwamba mwenye kujitia utabibu bila ya kujulikana kwa utabibu hudhaminishwa aliloliharibu. Kuwa chuku ni sunna hakumwondolei dhamana hiyo.

Ama mgonjwa mwenyewe aliye na ruba kidoleni, wakati wa sala ukimfikia asimng'oe ruba, wala asifungue kitambaa akatia maji penye jeraha twabibu akimkataza. Ataosha viungo vilivyo vizima, na atatayamamu kwa ajili ya mahali palipokatazwa maji.