Shangazi, kamba ya mwaka jana bado inavutwa

"Shangazi, mimi ni afisa utawala katika kampuni ya usambazaji wa bidhaa hapa Dar es Salaam. Tupo wafanyakazi 84. Bosi amenikabidhi mkutano wetu wa mwaka, siku mbili Bagamoyo mwishoni mwa Agosti, na anataka uwe na dhamira yake, mavazi na michezo ya timu. Wazo lake mwenyewe ni 'Msafara wa Kale': mameneja wavae majoho na wabebwe kwenye viti, sisi wengine tuwe wapagazi tunaoingia mjini na mizigo kichwani. Watu wa ghala wameshaanza kununa. Halafu kuna hili la mwaka jana. Tulivuta kamba, Mauzo na Ghala. Mauzo wakashinda, wakaimba nyimbo za kejeli mpaka kwenye basi, na tangu siku hiyo oda zao zinapakiwa mwisho. Nikimpinga bosi nitaitwa mkaidi, nikikubali sitaweza kuwatazama wenzangu. Nifanyeje? Mratibu Asiyelala, Tabata."

Shangazi aliisoma barua hii akicheka, hadi alipofika kwenye viti vya kubebwa. Hapo kicheko kikamkauka.

Bagamoyo si ukumbi mtupu wa kupamba utakavyo. Katika karne ya 19 mji huo ulikuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka bara. Pembe za ndovu zilifika pale mabegani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi waliolipwa ujira, na pamoja nao walifika watu waliofungwa minyororo, wakisubiri kuvushwa Unguja. Mapadri wa Roho Mtakatifu walipoweka makao hapo mwaka 1868, walijenga kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Leo mtu awachukue vijana wanaobeba katoni mwaka mzima, awatwishe mizigo katika mji ule ule, huku meneja wao akipunga mkono kutoka kitini, halafu aite burudani? Watu wa ghala hawajanuna bure. Historia wanaijua.

Haya ya historia pengine hayatamgusa bosi, na Shangazi hamshauri binti huyu aingie ofisini na mhadhara. Kuna jambo moja litakalomgusa, nalo ni simu. Wafanyakazi 84 ni simu 84, na picha ya meneja aliyebebwa na mpakiaji wake itakuwa imezunguka makundi ya WhatsApp kabla pilau ya mchana haijapakuliwa, ikafika kwa wateja. Aseme hivyo kwa adabu, kisha aweke mezani karatasi moja yenye wazo jingine lililokamilika, na gharama zake. Bosi aliyeomba wazo kubwa hataki kurudishwa mikono mitupu.

Wazo lenyewe Shangazi analo: jahazi.

Linatoka pwani ile ile, nalo ni la biashara, kama kampuni yenyewe. Chombo kina nahodha, kina serahangi anayewasimamia mabaharia, kina mshika usukani na wa kulegeza demani, na kina mtu ambaye kazi yake ni kukumba maji yaliyojikusanya ngamani. Huyo wa mwisho akisinzia, hata nahodha analowa. Humo kila idara inapata nafasi bila mtu kupewa kitambaa cha utumwa avae. Majoho hayahitajiki. Anayetaka kuvaa kikoi avae, na asiyetaka aje na suruali yake.

Kwenye dhamira ndipo wengi hukosea. Hununua maputo na mabango, wakauita mkutano "Safari ya Mafanikio", kisha wakakaa kusikiliza slaidi 60 kama kila mwaka. Dhamira ikiishia ukutani ni pambo tu. Binti huyu aitumie kupanga kazi yenyewe. Achukue oda moja ya kweli ya mwezi uliopita, ile iliyochelewa kuliko zote, aifute jina la mteja, kisha aisafirishe sakafuni mbele ya watu wote. Bandari ziwe tano. Kilwa mteja anapiga simu, Bagamoyo oda inaandikwa, Pangani inapita uhasibu, Mombasa inapakiwa, Lamu inapokelewa. Kila aliyeigusa karatasi ile asimame bandarini pake aseme ilimfikia lini na ikaondoka lini. Ilipolala siku mbili, pale pawekwe jiwe kubwa sakafuni, paitwe mwamba. Baada ya hapo kila timu ipewe mwamba mmoja na saa moja na nusu ya kutafuta njia ya kuuzunguka, irudi na pendekezo linaloweza kuanza Jumatatu.

Na safari iende hivyo hivyo, kutoka kusini kwenda kaskazini. Mwezi wa Agosti upepo ni wa kusi, ule uliokuwa ukiyarudisha majahazi Uarabuni na Ghuba baada ya kushuka na kaskazi. Akianzia Lamu kwenda Kilwa, hakosi dereva mmoja mzaliwa wa pwani atakayemsahihisha mbele ya bosi.

Sasa kamba.

Shangazi hana ugomvi na kuvuta kamba. Ulikuwa mchezo wa Olimpiki kuanzia 1900 hadi 1920, na watumishi wa wizara zetu wanauvuta hadi leo kwenye mashindano yao ya SHIMIWI kwa hamasa isiyo ndogo. Tatizo la mwaka jana lilikuwa nani aliwekwa upande gani. Mauzo na Ghala tayari walikuwa wakivutana mwaka mzima kuhusu magari na tarehe, kisha kampuni ikawapa kamba, hadhira na kombe.

Mwaka 1954 mwanasaikolojia Muzafer Sherif aliwapeleka wavulana 22 kambini Robbers Cave, jimbo la Oklahoma nchini Marekani. Aliwagawa makundi mawili yasiyojuana, akawashindanisha kwa siku kadhaa: besiboli, kuvuta kamba, zawadi kwa washindi tu. Haikuchukua muda wakachomeana bendera na kuvamiana mabwenini. Kuwakalisha pamoja kwenye chakula hakukusaidia, wakarushiana chakula. Kilichowatuliza ni shida zisizoweza kutatuliwa na kundi moja. Maji yalikatika kambini, ikabidi wote watafute palipoziba. Halafu lori la kuleta chakula likagoma kuwaka, na wavulana wakaenda kuchukua kamba ya mashindano, ile ile waliyokuwa wakivutana nayo, wakalivuta lori pamoja.

Wapo wanaoulaumu utafiti huo, na lawama zao zina maana, kwa kuwa watu wazima waliokuwa kambini walichochea mengi. Lakini hata lawama hizo zina faida kwa binti wa Tabata. Mwaka mmoja kabla, 1953, Sherif alijaribu jambo hilo hilo na wavulana wengine, ila wale waliachwa wajuane kwanza kabla ya kugawanywa. Hawakugombana kama alivyotarajia. Wakawashuku watu wazima.

Kwa hiyo wachanganywe kwanza, na mapema, tangu kwenye basi. Njia ya Shangazi ni ya Mtaa wa Uhuru. Zinunuliwe doti saba za kanga, kila doti na rangi yake. Doti ina vipande viwili, na kila kipande kikikatwa sehemu sita vinapatikana vitambaa 12 vya shingoni. Saba mara kumi na mbili ni 84, na wafanyakazi wote wamepata. Wenye kanga moja ndio mabaharia wa chombo kimoja. Ila bahati nasibu isiachwe peke yake, maana inaweza kuwarundika Mauzo kumi pamoja. Kila idara ichote kwenye mfuko wake, wenye vitambaa vilivyogawiwa rangi zote. Jambo dogo la nyongeza: asome jina la kila kanga kabla ya kulipa. Kanga zinajua kusema, na kuna majina ambayo mhasibu akivalishwa atadhani ametumiwa salamu.

Michezo isiwe mingi. Minne inatosha kwa siku mbili.

Vitendawili viwe vya jioni ya kwanza, baada ya chakula, na kila timu itunge vyake kuhusu kazi. "Kitendawili!" "Tega!" "Natembea meza kwa meza kutwa, jioni sijafika." Jibu ni fomu ya malipo, na Shangazi ana hakika uhasibu watacheka kuliko wote. Wakishindwa wataombwa mji, na miji ipo tayari, kwa kuwa bandari tano zimeshatajwa tangu asubuhi. Anayepewa Kilwa ana ruhusa ya kusimulia alivyofika, alivyokula na aliyemkuta huko. Hapo ndipo watu wa kimya hushangaza.

Rede iwe ya ufukweni, alasiri jua likipungua. Wengi waliicheza shuleni, hasa akina mama: wawili wanarusha mpira, aliye katikati anakwepa huku akijaza chupa mchanga. Picha ya meneja wa fedha akiwa amepiga magoti, kiganja kimejaa mchanga, jicho moja kwenye shingo ya chupa na jingine kwenye mpira, hiyo izunguke WhatsApp mpaka ichoke. Hakuna atakayedhalilika, kwa sababu anayefuata katikati ni mpakiaji, kisha katibu muhtasi.

Kwa wasiokimbia kuna bao. Mashimo 32 yanachimbika mchangani kwa dakika chache, na kete 64 zikikosekana yapo makombe ya pwani. Wacheze timu kwa timu, mchezaji mmoja, washauri wasizidi watatu, la sivyo hawatamaliza kunamua kabla ya magharibi.

Mchezo wa nne umetoka Marekani, lakini unakubali kuvaa kikoi. Aliyeubuni ni Peter Skillman, na Tom Wujec akaueneza: watu wanne, vijiti 20 vya spageti, utepe wa gundi na uzi wa kama sentimita 90 kila kimoja, dakika 18, wajenge mnara mrefu iwezekanavyo wenye pipi laini kileleni. Wujec alikuta watoto wa chekechea wakiwazidi wahitimu wa shule za biashara. Wahitimu hupoteza muda kupanga na kugombea nani aongoze, wakaipandisha pipi dakika ya mwisho, mnara ukalala chini. Watoto huweka pipi juu tangu mwanzo, ukianguka wanajenga tena. Bagamoyo pipi hiyo iwe kaimati. Ni nzito kidogo na inanata, kwa hiyo haitamhurumia mtu.

Kuna watakaosema hawachezi. Mjamzito, mwenye mgongo mbovu, mwenye aibu, au mtu asiyetaka tu, basi. Waachwe. Nchini Ufaransa kesi ya namna hii ilifika mahakama ya juu kabisa: mfanyakazi alifukuzwa, na miongoni mwa sababu ilikuwa kukataa burudani za kampuni zilizojaa ulevi na mizaha ya kudhalilishana. Novemba 2022 mahakama ikasema alikuwa na haki ya kukataa. Waamuzi, watunza muda, wapiga picha na wahesabu kete wanahitajika vilevile, na kazi hizo zitangazwe mapema ili asiyecheza asionekane ametengwa.

Siku nazo ziangaliwe. Alhamisi na Ijumaa ni bora kuliko Jumamosi na Jumapili, maana mapumziko ya wiki ni haki ya mfanyakazi kisheria, na watu hawachangamki wakijua wameibiwa Jumapili yao. Ijumaa adhuhuri ratiba isimame kwa ajili ya swala, iandikwe hivyo kwenye karatasi, isiachwe watu wanyemelee mlangoni mmoja mmoja.

Limebaki la mwisho. Ile kamba ya mwaka jana, kama ipo stoo, ichukuliwe. Ikaguliwe kwanza, nyuzi zilizochakaa zionekane, na mtu yeyote asiizungushe mkononi wala kiunoni. Mwaka 1997 mjini Taipei watu zaidi ya elfu walivuta kamba isiyoweza kuhimili nguvu yao. Ilikatika, na wanaume wawili wakang'olewa mikono. Watu 84 wapokezane kwa zamu, wasiiparamie wote kwa mkupuo.

Safari hii upande wa pili wa kamba hakuna mtu. Kuna ngalawa. Binti huyu aende Bagamoyo wiki mbili kabla, akae na wavuvi, akubaliane na mwenye chombo, aulize maji yanajaa saa ngapi alasiri ya Ijumaa ile. Pwani ya Bagamoyo maji yakipwa hukimbia mbali, na akikosea saa atawakuta watu wake wanasubiri ngalawa iliyokaa topeni. Wavuvi watandaze magogo, wao ndio waongoze na wao ndio waimbishe, kwa kuwa wanajua lini kuvuta na lini kupumua. Mauzo na Ghala watakuwa kamba moja, mchanganyiko wa kanga saba, na bosi aliyeota kiti cha kubebwa apewe nafasi ya nyuma kabisa, kwenye mchanga laini. Shangazi angependa kumwona.

Mwenye ngalawa alipwe asubuhi, kabla watu hawajavua viatu.